Uhai wa injini ya Hall: jinsi ya kukadiria kulika kwa kuta zake, hatua kwa hatua

Injini ya SPT-100, injini ya umeme ya aina ya Hall, kazi ya kiwanda cha Fakel cha Kaliningrad nchini Urusi, hutoa msukumo wa takribani milinyutoni 83. Hiyo ni nguvu ya kuinua gramu 8 na nusu hapa duniani, basi. Ili msukumo mdogo namna hiyo uhamishe setilaiti ya tani moja na nusu, injini haina budi kufanya kazi kwa maelfu ya saa, na saa zote hizo kuta zake zinapigwa na ioni za zenoni, gesi ambayo injini huitupa nje. Roketi ya kemikali huharibiwa na joto, mitetemo au valvu iliyogoma. Injini ya umeme, ukiacha hitilafu za nyaya na mabomba, huishia kwa kulika.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayeanza fani hii aanzie ukutani. Ufanisi na msukumo vitafuata. Ukishajua ni ioni ipi inafika ukutani, imetoka wapi na imebeba nishati kiasi gani, umeshaielewa sehemu kubwa ya plazma, yaani gesi ya ioni na elektroni, ya injini nzima. Mwongozo huu unahitaji kikokotoo, lahajedwali na fizikia ya kidato cha sita. Nitatumia injini ya Hall kama mfano mkuu, na nitazigusa injini za ioni zenye nyavu, zinazovuta ioni kwa nyavu zenye volteji, pale zinapotufundisha jambo ambalo Hall haitufundishi vizuri.

Hatua ya 1: Pata saa ambazo safari inakudai

Chukua setilaiti ya kilo 1,500 inayotakiwa kubadili mwendo wake kwa jumla ya kilomita 2 kwa sekunde. Kwa SPT-100, kasi ya wastani ya gesi inayotoka ni kama kilomita 15.7 kwa sekunde. Kanuni ya roketi ya Tsiolkovsky inakupa masi ya zenoni: 1,500 × (1 − e^(−2/15.7)), yaani karibu kilo 179.

Sasa gawanya msukumo kwa kasi hiyo: 0.083 ÷ 15,700 ni miligramu 5.3 za zenoni kwa sekunde. Kilo 179 kwa mtiririko huo huchukua sekunde milioni 34, sawa na saa 9,400. Ukifunga injini mbili zinazogawana kazi, kila moja inadaiwa saa 4,700. Halafu zidisha kwa 1.5, kwa sababu desturi ya NASA ni kuonyesha ardhini kwamba injini inaweza kupitisha mara moja na nusu ya gesi itakayopitisha angani. Unafika saa 7,050. Jaribio la SPT-100 lililofanyika JPL, maabara ya NASA huko California, katikati ya miaka ya 1990 lilikwenda saa 5,730, injini ikiwashwa na kuzimwa zaidi ya mara 6,900. Kwa hiyo safari yetu ya mfano tayari iko nje ya ushahidi wa jaribio hilo, na hatua zinazofuata zina kazi ya kweli ya kufanya.

Angalizo moja. Kama nguvu ya umeme inabadilika njiani, usihesabu saa peke yake. Hesabu pia kilo za gesi. Chombo cha Dawn, kilichorushwa mwaka 2007 na kuzuru Vesta na Ceres, kilipunguza nguvu ya injini zake kadiri kilivyokwenda mbali na Jua. Saa moja ya nguvu ndogo haili ukuta sawa na saa moja ya nguvu kamili.

Hatua ya 2: Chora ramani ya plazma ndani ya mfereji

Injini ya Hall ni mfereji wa duara uliochongwa kwenye kauri, mara nyingi nitridi ya boroni iliyochanganywa na silika. Anodi iko chini ya mfereji na gesi huingilia hapo. Kathodi iko nje. Sumaku huweka uga unaokwenda kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa nje, wenye nguvu ya takribani militesla 15 hadi 20 karibu na mdomo. Elektroni zinazotoka kwenye kathodi kuelekea anodi hunaswa na uga huo na kubaki zikizunguka mfereji. Hapo ndipo zinapogonga atomi za zenoni na kuzigeuza ioni. Ioni ni nzito mno, uga huo hauzipindi kwa kiasi cha maana, hivyo volteji huzitupa nje.

Kwenye karatasi, chora mistari mitatu kuanzia anodi hadi nje ya mdomo. Wa kwanza ni volteji: hubaki karibu na 300 kwa sehemu kubwa ya mfereji, kisha huporomoka ndani ya milimita chache kando ya mdomo. Wa pili ni msongamano wa plazma: kilele chake kiko ndani zaidi, kabla ya mporomoko. Wa tatu ni halijoto ya elektroni: ndogo karibu na anodi, halafu hupanda hadi kilele palepale volteji inapoporomoka. Kanuni ya mkono inayosaidia sana ni kwamba kilele hicho huwa karibu sehemu moja ya kumi ya volteji ya injini, kwa hiyo elektronivolti 30 hivi kwa volti 300.

Itazame michoro yako. Nyuma ya mfereji kuna ioni nyingi lakini hazina nishati. Nje kabisa zina nishati lakini zimeshaupita ukuta. Milimita za mwisho kabla ya mdomo ndizo zenye vyote viwili, na ndizo zinazolika. Ukikuta injini iliyotumika, utaona mwenyewe: sehemu ya ndani bado ina alama za mashine iliyoichonga, na mdomo umepanuka kama umepigwa tupa.

Ramani hii hupatikana kwa vipimo. Vijiti vya Langmuir, yaani elektrodi ndogo za kupimia plazma, na vijiti vinavyotoa elektroni huingizwa na kutolewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa sababu kijiti kikikaa huibadilisha plazma unayotaka kuipima na chenyewe huungua. Leza inayozifanya ioni zing'ae hupima kasi yao bila kugusa kitu, na kama una uwezo wa kuchagua, chagua leza. Kuna pia programu za kompyuta, kama Hall2De ya JPL. Lakini zote zina kidonda kimoja: elektroni huvuka uga wa sumaku kwa wepesi kuliko migongano ya kawaida inavyoruhusu. Mawimbi madogo ndani ya plazma yanazisukuma, na kiasi cha msukumo huo bado huwekwa kwenye programu kwa kulinganisha na vipimo. Usiiamini ramani ya kompyuta ambayo haijawahi kukutanishwa na kijiti au leza.

Hatua ya 3: Tafuta nishati ya ioni inapogusa ukuta

Nishati hiyo ina sehemu tatu, na wengi husahau mbili za mwisho.

Ya kwanza ni volteji ambayo ioni imeshuka tangu ilipozaliwa. Tuseme imezaliwa mahali penye volti 290 na inaukaribia ukuta mahali penye volti 230. Ioni yenye chaji moja imepata elektronivolti 60.

Ya pili na ya tatu hutoka kwenye ukuta wenyewe. Elektroni zina kasi kuliko ioni, zinaufikia ukuta kwanza na kuupa chaji hasi, mpaka ukuta uanze kuzifukuza elektroni na kuvuta ioni. Tabaka jembamba la mvuto huo ndilo ala ya plazma. Kabla ya kuifikia ala, ioni huongezewa kama nusu ya halijoto ya elektroni. Ndani ya ala huongezewa zaidi: kwa zenoni na ukuta usiotoa elektroni zake, karibu mara 5 hadi 6 ya halijoto ya elektroni.

Nitridi ya boroni, hata hivyo, hutoa elektroni za pili kila inapopigwa na elektroni. Hizo huulegeza mvuto, na zikiwa nyingi kabisa ala hupungua hadi takribani mara moja tu ya halijoto hiyo. Tuchukue kati: halijoto ya elektronivolti 20 na ala ya mara moja na nusu. Ioni yetu inafika ukutani ikiwa na 60 + 10 + 30, yaani 100. Ukizipuuza elektroni za pili na kutumia 5.5, ioni ileile inakuwa na 60 + 10 + 110, yaani 180. Plazma ni ileile, injini ni ileile, lakini makadirio ya uhai yatatofautiana sana. Hapa ndipo penye thamani ya kutulia na kusoma taarifa za kauri yako kabla ya kuendelea.

Ioni zenye chaji mbili ziweke safu yake kwenye lahajedwali. Ni chache, lakini kila moja hupata nishati maradufu kwa mporomoko uleule.

Hatua ya 4: Geuza nishati kuwa kauri iliyong'olewa

Ioni ikigonga ukuta husukuma atomi za juu, nazo husukumana, na mara nyingine atomi moja hurukia nje. Ili hilo litokee kuna kizingiti cha nishati, na kwa kauri hizi kiko kwenye makumi ya elektronivolti. Chini yake ukuta unapashwa joto tu. Juu yake kiwango cha kung'oa hupanda haraka mwanzoni, na ndiyo sababu tofauti ya 100 na 180 niliyoionyesha ni nzito.

Pembe nayo ina usemi. Ioni inayogonga kwa mshazari hung'oa zaidi kuliko inayogonga wima, na kilele kwa kauri mara nyingi kiko mahali fulani kati ya digrii 45 na 70 kutoka wima. Ikilala zaidi ya hapo huanza kuteleza. Katika mfereji wa Hall ioni nyingi huja kwa mshazari, kwa hiyo usichukue namba za pembe ya wima ukaziweka kwenye hesabu bila kuzirekebisha.

Kwa vyuma tunahesabu atomi kwa kila ioni. Kwa kauri yenye mchanganyiko ni rahisi kutumia ujazo kwa kila kulombi ya ioni. Kwa mfano wetu tumia milimita ya ujazo 0.01 kwa kulombi. Tafuta namba za kauri yako halisi, kwa sababu asilimia ya silika hubadilisha jibu, na vipimo vya nishati ndogo ni vigumu na havipatani kila mara. Fanya hesabu kwa namba ya chini, ya kati na ya juu.

Hatua ya 5: Kokotoa kina, kisha usogeze ukuta

Tuseme mkondo wa ioni unaogonga ukuta karibu na mdomo ni ampea 100 kwa mita ya mraba, sawa na ampea 0.0001 kwa milimita ya mraba. Zidisha kwa 0.01: ukuta unarudi nyuma milimita 0.000001 kwa sekunde. Kwa saa moja ni mikroni 3.6. Kwa saa 1,000 ni milimita 3.6.

Ukuta wa milimita 6 ungeisha kwa saa 1,670. Anayeishia hapo hutupa injini nzuri. Ukuta unaporudi nyuma, umbo lake linabadilika: mdomo unakuwa na mteremko, ioni zinaufikia kwa pembe nyingine, na nyingi zinapita bila kuugusa. Kwa hiyo panga lahajedwali yako hivi: safu ya mahali, mkondo wa ioni, nishati, pembe, kiwango cha kung'oa, na kasi ya kulika. Sogeza kila nukta ya ukuta kwa saa 50, kokotoa pembe upya, rudia. Kila baada ya saa mia kadhaa rudia pia ramani ya plazma, maana mfereji uliopanuka hauna plazma ileile. Utaona mstari wa kulika ukianza mkali na kulegea taratibu, na ndivyo injini za aina ya SPT zinavyofanya kwenye majaribio.

Amua mapema kifo ni kipi. Wahandisi wengi hukiweka pale kauri inapokwisha na ncha za sumaku nyuma yake zinapofunuliwa. Injini huenda ikaendelea kusukuma baada ya hapo, lakini sasa ioni zinakula chuma kinachoushika uga wa sumaku, na chembe za chuma hicho zinatua kwenye vihami vya umeme. Sishauri kuhesabu saa hizo.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye tangi, na usidanganywe na tangi

Anga ni ombwe ambalo hakuna tangi linaloweza kuliiga. Katika tangi lenye kanieneo ya milipaskali 1.3, kuna atomi za zenoni kama 3 × 10^17 kwa mita ya ujazo. Ioni ya elektronivolti 300 inaweza kunyang'anya elektroni kutoka kwa atomi iliyosimama, ikabaki atomi yenye kasi, na atomi ile ikawa ioni ya polepole. Eneo la kubadilishana chaji huko ni kama 5.4 × 10^(−19) mita za mraba. Zidisha na utapata kwamba kwa kila mita moja ya safari, karibu ioni moja kati ya sita hubadilishana. Ioni hizo za polepole ndizo zinazorudi nyuma na kushambulia sehemu ambazo angani zingeguswa kidogo tu.

Udanganyifu wa pili unakwenda upande wa pili. Kuta za tangi huvikwa grafiti ili zisilike sana, lakini hulika kidogo hata hivyo, na kaboni hurudi na kutua kwenye injini. Ikiwa ukuta unalika polepole, kaboni hiyo inaweza kuufunika kabisa na ukadhani hauliki. Weka fuwele ya kwatzi inayopima uzito wa tabaka karibu na injini, na uondoe kiasi hicho kwenye matokeo. Rangi yenyewe ni kipimo: bendi nyeupe safi kwenye mdomo maana yake ioni zinaikwangua kuliko kaboni inavyoivika; bendi nyeusi maana yake kaboni inashinda.

Pima wasifu wa ukuta kwa leza au profilomita (kifaa cha kupima umbo la uso) kabla na baada ya kila kipande cha jaribio. Kati ya vipimo, spektromita iliyoelekezwa kwenye mwanga wa atomi za boroni karibu na nanomita 249.7 na 249.8 itakuonyesha kulika kukipanda au kushuka bila kufungua tangi. Ukifungua tangi, kumbuka nitridi ya boroni hunyonya unyevu. Saa za kwanza baada ya kuwasha tena zisikuhukumie injini.

Injini za nyavu zinatoa somo la uvumilivu. Injini ya akiba ya NSTAR, ndugu ya iliyoruka kwenye Deep Space 1 mwaka 1998, iliwekwa kwenye tangi JPL na kufanya kazi saa 30,352 hadi mwaka 2003, ikapitisha kilo 235 za zenoni. Ilibuniwa kwa saa 8,000. Ilipofunguliwa, wavu wa nje wa molibdeni ulikuwa na mashimo na mifereji iliyochimbwa na ioni za kubadilishana chaji, na bamba la elektrodi inayoizunguka kathodi ya ndani lilikuwa limekwisha kabisa. Injini ya NEXT iliyofuata ilipewa elektrodi ya grafiti mahali hapo, ikapita saa 48,000 katika jaribio la NASA Glenn huko Ohio. Jaribio refu hukuonyesha sehemu ambayo hukuiweka kwenye lahajedwali.

Hatua ya 7: Badilisha umbo la uga wa sumaku

Turudi kwenye Hall: injini ya BPT-4000 ya kampuni ya Aerojet ilijaribiwa saa 10,400. Hadi kama saa 5,600 kuta zililika kama kawaida. Baada ya hapo kulika kukakoma, hakuna kilichopimika hadi mwisho. Watafiti wa JPL, Ioannis Mikellides na wenzake, walionyesha sababu: ukuta ulikuwa umejichonga hadi ukafuata umbo la mistari ya uga wa sumaku.

Hapa fizikia yote ya hatua ya 3 inalipa. Kwenye mstari mmoja wa sumaku, halijoto ya elektroni hubaki karibu ileile. Mstari unaoanzia ndani kabisa karibu na anodi, ambako elektroni ni baridi na volteji ni ya juu, ukilazwa sambamba na ukuta hadi mdomoni, basi hata mdomoni ukuta unaona elektroni baridi na volteji ya juu. Ioni haijashuka volteji yoyote ya maana, na ala ni dhaifu. Sehemu zote tatu za nishati zinanyauka kwa pamoja, ioni inashuka chini ya kizingiti. Injini ya majaribio ya H6 ilipochongwa upya kwa mtindo huo, kulika kulipungua kwa hadi mara elfu hivi, na kuta zake zikatoka tangini nyeusi kwa kaboni.

Kwa hiyo kwenye ubunifu wako: chora mistari ya sumaku kwanza, halafu chonga kauri iifuate, ukianza na mdomo wenye mteremko. Kisha hamishia wasiwasi wako kwenye ncha za sumaku zinazotazama nje. Ioni zenye kasi huzifikia hata baada ya kuta kuokolewa, na wabunifu sasa huzifunika kwa bamba za grafiti ambazo nazo lazima zifanyiwe hesabu ileile ya hatua ya 5.

Hatua ya 8: Endelea kuhesabu baada ya kurusha

Huwezi kuingiza profilomita angani, lakini injini inasema. Rekodi mkondo wa anodi na mitikisiko yake, volteji ya kathodi ikilinganishwa na mwili wa chombo, joto la sumaku na msukumo unaosomeka kwenye mabadiliko ya obiti. Mtikisiko unaokua polepole kwa miezi ni taarifa. Unaoruka ghafla huenda ni chembe iliyodondoka mferejini na kuziba njia kwa muda. Linganisha kila injini na rekodi yake ya tangi. Wastani wa injini nyingine hautakusaidia hapa.

Na panga njia ya kuokoa chombo wakati bado mchoro wa nyaya uko mezani. Hayabusa ya Japani ilikuwa njiani kurudi kutoka asteroidi Itokawa wakati vitoa-elektroni vya injini zake, vinavyofanya kazi ya kathodi ya nje, vilipochoka kimoja baada ya kingine. Novemba 2009 wahandisi waliunganisha chanzo cha ioni cha injini moja na kitoa-elektroni cha nyingine, na kapsuli ikatua Australia Juni 2010. Iliwezekana kwa sababu kabla ya safari mtu alikuwa ameongeza diodi kwenye saketi ili mkondo upate njia kati ya injini mbili. Kwa setilaiti yetu ya mfano yenye injini mbili, swali la kuuliza leo ni hilohilo: kathodi ya kwanza ikikwisha huku mfereji wake bado una milimita tatu za kauri, je, kathodi ya pili inaweza kuuhudumia?